Miguu Haijaambiwa

Kitu cha kwanza alichokiona Redio asubuhi ile kilikuwa taulo. Lilikuwa limeanikwa kwenye kamba ya uani, kati ya shuka na fulana za baba, na lilikuwa bado linadondosha maji. Taulo jeupe lenye mistari miwili ya buluu, mmoja umekatika katikati kisha ukaendelea mbele kidogo, kama mtu aliyekuwa akisimulia jambo, akasahau, akakumbuka.

Taulo lile halikuwa la kujifutia. Lilikaa chini kabisa kwenye sanduku la marehemu mama, limeviringishwa ndani ya kitenge, na tangu msiba hakuna mtu aliyelitoa. Sasa lilikuwa limefuliwa, tena na mtu asiyejua kukamua, maana chini yake palikuwa pamefanyika kidimbwi.

Redio alisimama na ndoo yake mkononi, akaelewa. Baba anakimbia tena mwaka huu.

Jina la Redio msichana huyu alipewa na watu wa mtaani kwa utani, kwa sababu hakuwa akisikika. Ukimsalimia aliitikia kwa kope. Dukani alinyoosha kidole. Fundi viatu wa pale nje ndiye aliyeanza: "Jamani, hii redio betri zake zimekwisha au imezimwa?" Watu wakacheka, jina likaganda. Yeye mwenyewe hakuchukia. Aliona ni afadhali kuitwa hivyo kuliko kuulizwa kila mara kwa nini ananyamaza.

Alikuwa akiishi na baba yake katika vyumba viwili vinavyotazama barabara. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana na sebule kwa pamoja. Upande wa dirishani baba alitengeneza cherehani za watu. Upande wa mlangoni Redio alipunguza suruali, alibadilisha zipu, na kutia vifungo. Hapo katikati palikuwa na kiti kimoja cha mteja, ambacho mara nyingi hakikukaliwa na mteja bali na Bobini.

Bobini alikuwa rafiki wa baba tangu ujana, mfupi wa mviringo, na jina lake lilitoka kiwandani, ambako kazi yake ilikuwa kujaza nyuzi kwenye bobini za mitambo. Baba alikuwa fundi wa mitambo hiyohiyo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa miaka mingi, lakini wawili hawa bado walikizungumzia kama watu waliotoka zamu jana jioni.

"Nasikia umejiandikisha," Bobini alisema siku hiyo, akijimiminia chai bila kukaribishwa.

"Nimejiandikisha."

"Bwana Kona! Mwaka huu utaishia wapi? Tuambie mapema tukuletee kiti."

"Wewe je?"

"Mimi pia nimejiandikisha. Lakini mimi panajulikana nitakapoishia. Nitaishia pale kwenye kibanda cha juisi, na mtu asinitafute."

Baba alicheka, akapuliza vumbi ndani ya cherehani. Redio alicheka pia, kimoyomoyo, huku ameuma uzi. Lakini jina lile la Bwana Kona lilimchoma kila aliposikia, kwa sababu alijua lilikotoka.

Zamani mbio zile zilikuwa mbio za kiwanda. Mara moja kwa mwaka, king'ora cha zamu kilipolia, wafanyakazi walitoka mbio langoni, wakazunguka mji mzima, wakapita sokoni, wakapita hospitali, wakashuka barabara ya relini, wakafika kwenye kona ya mwisho, wakakata kushoto na kurudi langoni. Hapakuwa na medali. Kila aliyefika alipewa taulo, na hilo taulo lilikuwa la kasoro, maana mazuri yalikwenda kuuzwa. Lingine lilikosa uzi, lingine upindo wake ulikwenda upogo. Baba alipoletewa taulo na mtu yeyote mjini alilishika, akalitazama, akasema limetoka mtambo gani na fundi gani alikuwa amesinzia.

Waliogawa mataulo walikuwa wasichana wa kitengo cha kukunja. Mama alikuwa mmoja wao. Wasichana wale walikuwa na namna yao ya kukunja: unashika pembe mbili, unalirusha taulo mbele kwa nguvu, nalo linapasuka hewani, *pwaa*, mikunjo yote inatoka kwa mara moja. Ukumbi mzima ulikuwa ukilia pwaa, pwaa, pwaa, kutwa nzima. Siku ya mbio walisimama langoni vivyo hivyo. Mkimbiaji akitokea konani, msichana analirusha taulo, *pwaa*, kisha anampa na kumwambia, "Umefika. Jifute."

Mara ya kwanza baba kukimbia alifika watu wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Msichana mmoja tu alikuwa amebaki, na taulo moja tu, lile lenye mstari uliokatika. Akalirusha, akamtazama kuanzia nywele mpaka raba, akasema, "Umechelewa. Lakini umefika."

"Nikamwambia, kwani ulikuwa unanisubiri?" baba alipenda kusimulia. "Akaniambia, nilikuwa nasubiri taulo liishe niende nyumbani." Na hapo alicheka mpaka akakohoa, kama kwamba ndiyo kwanza anaambiwa.

Baadaye, walipokwisha kuoana, mama alisimama langoni pale pale kila mwaka, mtoto wa kwanza mgongoni, kisha wa kwanza pembeni na wa pili mgongoni. Wa pili ndiye Redio. Alipojua kusema, mama alimpa yeye kazi ya kumkaribisha baba. "Akifika tu, mwambie: umefika, baba, jifute. Sawa?" Redio aliitikia kwa kichwa. Lakini baba alipokuja akiwa amelowa, anahema, mkubwa kama mlango, na watu wote wakigeuka kutazama, maneno yalimkauka. Alificha uso ndani ya taulo. Mama akamsemea. Mwaka uliofuata ilikuwa hivyohivyo, na mwingine tena. "Haya, mwaka ujao," mama alikuwa akisema, bila hasira. Kisha kiwanda kikafungwa, mbio zikafa nazo, na mwaka ujao ukawa haupo.

Mama aliugua Redio akiwa bado yuko shule ya msingi. Mtu wa kumwogesha alihitajika, na kaka yake alikuwa ameshaanza kazi mji mwingine. Redio hakurudi shuleni. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka jana ndipo halmashauri ya mji ilipozifufua mbio zile. Njia ilikuwa ileile, isipokuwa mwisho. Langoni hapakuwa tena na mtu wa kupokea mtu. Kiwanda kilikuwa ghala la saruji. Kwa hiyo kwenye kona ile ya mwisho wakimbiaji waliambiwa wakate kulia, waende kumalizia uwanja wa mpira. Wote walikata kulia. Baba alikata kushoto.

Walimtafuta. Gari la wagonjwa lilizunguka, kaka alizunguka, watu wa halmashauri walitangaza namba yake kwenye vipaza sauti. Walimkuta jioni amekaa chini mbele ya lango la ghala, mgongo kwenye bati, anajifuta uso kwa pindo la fulana. Mlinzi alikuwa amempa maji. "Nimekosea njia," baba alisema, na hakuongeza neno. Kwenye ubao wa matokeo, mbele ya jina lake waliandika: hakumaliza.

Kaka alifika Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, pamoja na mkewe. Redio alimjua kwa mlio wa funguo za gari, ambazo alizizungusha kidoleni kila alipokuwa na wasiwasi. Alimkuta baba ametoka kumpelekea mteja cherehani yake, akaitumia nafasi hiyo.

"Mdogo wangu, kaa tuzungumze," alisema. "Baba hatakiwi kukimbia."

Redio alikaa.

"Mwaka jana nilimtafuta mpaka kwenye mitaro. Unajua maana yake, kuchungulia mtaro ukimtafuta baba yako? Mtu aliyezaliwa hapa, akazeekea hapa, anapotea kwenye kona? Hiyo si kona. Hicho ni kichwa kinaanza kuondoka."

"Si kwamba tunamwonea," wifi akaingilia kwa upole. "Chumba tumekwisha kukipaka rangi. Kina dirisha kubwa. Cherehani zake hata mbili tatu anaweza kuja nazo."

"Nimemwambia kwa simu," kaka akaendelea. "Akimaliza vizuri, kwa miguu yake, kwa njia iliyopangwa, sitasema tena. Akipotea tena, Jumapili hiyohiyo naondoka naye. Vyumba hivi tunavirudisha kwa mwenye nyumba. Na wewe utakuja, bila shaka, hatuwezi kukuacha peke yako. Amekubali."

Redio alitazama ukuta wa dirishani. Pale, alama za mafuta za mkono wa baba zilikuwa zimefanya doa jeusi, mahali alipojishikilia kila alipoinuka. Chini yake palikuwa na kopo la sindano zilizovunjika, ambazo hakuzitupa kamwe. Alijaribu kuliona doa lile kwenye chumba kilichopakwa rangi, likakataa kuja.

"Kwa hiyo kesho utasimama pale konani," kaka alisema. "Ukimwona, unapiga kelele: kulia! Basi. Neno moja. Utaweza?"

Wifi alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Mpe na filimbi."

Redio aliitikia kwa kichwa.

Mchana ule, baba alipokuwa amerudi, Redio alikaa kumshonea namba yake kwenye fulana. Wakimbiaji wengine walibandika kwa pini. Baba alisema namba ya pini ni ya mbuzi wa mnada. Alikuwa ameinamia cherehani ya mama mmoja muuza mashuka, na kwa muda mrefu kilichosikika kilikuwa bisibisi tu.

"Kaka yako amekwambia usimame konani," baba alisema.

Redio aliinua macho.

"Nimemwona usoni. Tangu mtoto, akipanga jambo anakuwa na uso wa karani." Baba aligeuza gurudumu la cherehani kwa kidole, akasikiliza. "Anadhani kichwa changu kimeharibika. Si kweli. Kichwa kinajua yote. Kinajua kiwanda kimefungwa, kinajua uwanja uko kulia, kinajua na mama yako yuko wapi. Ukiniuliza sasa hivi nitakuchorea njia yote na mashimo yake. Lakini mtu akishakimbia mpaka kule mwisho, mwanangu, kichwa kinachoka, kinakaa pembeni. Hapo inayoongoza ni miguu. Na miguu haijaambiwa."

Aliweka bisibisi chini.

"Mwaka jana nilipofika lile lango ndipo kichwa kikaamka. Nikaliona lina rangi nyingine. Nikasema, mbona wamelipaka kijani? Halafu nikakumbuka. Basi nikakaa. Ningefanyaje? Nirudi nikawaambie nini?"

Redio alikuwa na la kumwambia. Lilikuwa limefika kooni. Lakini baba tayari alikuwa ameshika tena bisibisi, na neno lile likarudi lilikotoka, likakaa na mengine.

Alipomaliza akakata uzi, akampa fulana. Baba akaipitisha kichwani kuijaribu, mkono wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia, kisha kila kitu kikakwama. Akasimama katikati ya chumba, kichwa ndani, mikono juu, akizunguka kama kipepeo kwenye chupa.

"Redio! Umenishona ndani!"

Alikuwa ameishona namba mbele na nyuma kwa pamoja, fulana ikawa mfuko. Alikuwa hajawahi kufanya kosa kama hilo tangu ajue sindano. Bobini, aliyeingia wakati huohuo, alishika mlango asianguke kwa kicheko.

"Mwacheni hivyohivyo! Bila macho atakwenda sawa kuliko mwaka jana!"

Hata baba alicheka, mle ndani. Redio alifumua mshono kwa ncha ya wembe, na machozi ya kucheka yalimtoka, na kicheko kilipokwisha hayakuacha mara moja kutoka.

Asubuhi ya mbio baba alilianua taulo kambani mwenyewe. Lilikuwa limekauka likawa gumu. "Shika," alimwambia. "Nitajifutia nikimaliza." Alikuwa amesahau kwamba binti yake hatakuwa mwishoni, au labda hakusahau. Redio alilikunja namna alivyofundishwa na mama, akaliweka kwapani, akaenda konani.

Kona ilikuwa kona tu. Upande wa kushoto barabara ilishuka polepole kuelekea kiwandani, na ukitazama uliona bomba refu la moshi lisilotoa moshi. Upande wa kulia ilipanda kidogo kuelekea uwanja wa mpira, ambako muziki ulikuwa ukisikika. Koni za rangi ya machungwa zilipangwa kuziba upande wa kushoto. Mama mmoja wa halmashauri mwenye kizibao cha njano alisimama hapo na kibendera, akielekeza. Redio alipumua. Kwa koni zote hizi, pamoja na kibendera, hata miguu itaelewa.

Wakimbiaji walianza kupita. Kwanza vijana wembamba ambao hukuwasikia hata kukanyaga. Kisha kundi kubwa, walimu, wauguzi, mafundi, watu wenye raba mpya zinazolia. Kisha wakaanza kupita mmojammoja. Kisha wakawa hawapiti. Jua lilikuwa limeshika lami. Nyuma ya kamba, magari yalianza kupiga honi, yakitaka barabara yao.

Halafu gari la wagonjwa likatokea kule chini, likija taratibu. Lile ndilo lililopaswa kumfuata mtu wa mwisho. Dirishani alionekana Bobini, macho mekundu, na glasi ya juisi mkononi.

"Redio!" alipaza sauti gari likipita. "Mimi nimeishia nilikosema! Bwana Kona anakuja! Tulimwambia apande, amekataa! Ametufukuza! Amesema gari halimfuati mtu mzima kama ng'ombe, litangulie!"

Gari likakata kulia, likaenda zake. Na mama wa kizibao cha njano, alipoliona linapita, akakunja kibendera chake, akaanza kuokota koni.

"Bado mmoja," Redio alisema.

Yule mama hakusikia. Alikuwa akizipachika koni moja juu ya nyingine, huku akimjibu dereva mmoja aliyekuwa akimtania.

"Shikamoo, mama. Bado mmoja," Redio alisema tena, na safari hii hata yeye mwenyewe aliisikia sauti yake kidogo. Lakini kamba ilikuwa imeshashushwa, pikipiki zikapita, gari likapita, lori la saruji likashuka kushoto. Yule mama alibeba koni zake kichwani kama mtungi, akaondoka. Ndani ya muda mfupi kona ikarudi kuwa vile ilivyokuwa siku zote. Hapakuwa na kitu kinachoonyesha kwamba kulia kulikuwa na jambo lolote.

Hapo ndipo baba alipotokea.

Alikuwa pembeni kabisa mwa barabara, peke yake. Hakuwa akikimbia kwa mwendo ambao mtu angeuita mbio, lakini hakuwa akitembea. Miguu yake ilichapa chini kwa mpigo mmoja usiobadilika, kama cherehani iliyotiwa mafuta vizuri na mwendeshaji amesinzia. Kichwa alikuwa amekiinamisha. Namba ilikuwa imelowa kifuani. Redio aliona kabisa kwamba kichwa kilikuwa kimekwisha kukaa pembeni, kama alivyosema mwenyewe.

Alisogea mpaka ukingoni mwa lami. Alifungua mdomo. "Ku..."

Honi ya lori ililimeza neno. Alijaribu tena, na koo lilikuwa kama limeshonwa mbele na nyuma. Baba alifika kwenye kona. Mguu wa kushoto ulianza kugeuka, bila haraka, bila kuuliza, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Redio aliuona ule mguu. Hakuna aliyeuvuta. Ulikuwa ukienda palipokuwa na mtu anayesubiri.

Basi hakupiga kelele. Alishika taulo kwa pembe mbili, akalirusha mbele kwa nguvu zote alizokuwa nazo mikononi.

*Pwaa.*

Baba aliinua kichwa.

Alisimama kidogo pale katikati, kati ya kushoto na kulia, kifua kinapanda na kushuka. Alitazama upande wa bomba la moshi. Kisha akatazama upande wa mlio. Redio alikuwa amesimama upande wa kulia wa barabara, taulo limefunguka mbele yake kama pazia, mstari wa buluu unakwenda, unakatika, unaendelea. Alirusha tena, *pwaa*, akarudi nyuma hatua kadhaa. Baba akaufuata mlio. Akarusha tena, akarudi nyuma tena, na baba akazidi kuja, na mguu ule wa kushoto ukaja naye.

Kurudi kinyumenyume hakukufaa kwa muda mrefu, kulikuwa na mashimo. Redio aligeuka, akaliinua taulo juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, akaanza kukimbia.

Alikuwa na sketi ndefu na kandambili. Hakuwahi kukimbia mbele ya watu tangu shuleni. Kandambili moja ilibaki nyuma karibu na duka la vifaa vya ujenzi, hakuirudia. Watu waliokuwa wakirudi kutoka uwanjani na maji yao ya chupa walisimama kutazama: msichana anakimbia na taulo juu kama aliyeliiba kambani, na mzee mwenye namba anamfuata.

"Mkamate, mzee!" mmoja akapaza sauti. "Ameondoka na taulo lako!"

"Huyo si Redio?" mwingine akasema. "Redio wa mafundi cherehani? Leo imewashwa!"

Wakacheka, na Redio akasikia uso unawaka, na akaendelea. Nyuma yake alisikia mpigo wa raba, taratibu, usiobadilika. Kila ulipolegea alishusha taulo akalirusha mara moja, *pwaa*, na mpigo ukarudi. Harufu ya sabuni ilikuwa ikimjia usoni, na chini ya sabuni, kwa mbali, harufu ya sanduku. Ghafla alikuwa mdogo, amesimama langoni, vumbi la pamba linaelea kwenye jua, na mkono wa mama uko juu ya kichwa chake, unangoja aseme.

Uwanjani walikuwa wakikunja mahema. Muziki ulikuwa umezimwa, na mtu wa kipaza sauti alikuwa akiviringisha waya. Lakini mstari mweupe ulikuwa bado upo chini, na meza moja, na dada mmoja wa kuandika matokeo aliyekuwa akifunga mkoba wake. Bobini, amekaa kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, ndiye aliyewaona kwanza. "Subirini!" alinguruma. "Subirini nyie! Msifunge! Kuna mtu barabarani!"

Kaka alikuwa pembeni mwa mstari, ametoka tu kubishana na mtu kuhusu kwenda kumtafuta. Funguo zilikuwa zikizunguka kidoleni. Alipoona taulo linaingia getini, na mdogo wake chini ya taulo mguu mmoja peku, na baba nyuma yao, funguo zikaacha kuzunguka.

Redio aliuvuka mstari, akageuka. Baba alikuwa bado mbali kidogo. Sasa alikuwa macho kabisa. Alijua yuko wapi. Angeweza kutembea sehemu ile iliyobaki na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alikuja vilevile, kwa mpigo uleule, mpaka raba zake zote mbili zikawa upande wa huku. Yule dada wa mezani alifungua tena mkoba, akaandika.

Watu waliobaki wakageuka kutazama. Kaka alisogea. "Baba," alianza, kisha akamtazama Redio. "Lakini ni wewe uliye..." Hakumalizia. Alimwangalia baba, aliyekuwa ameinama, mikono magotini, maji yakimtiririka puani na kidevuni, na akimtazama binti yake kwa chini, kama mtu anayesubiri kitu ambacho hajakidai miaka yote. Kaka alizitia funguo mfukoni.

Redio alishika taulo kwa pembe mbili. Wote walikuwa wakimtazama, wageni, kaka, wifi, Bobini na glasi yake. Ilikuwa kama siku zile langoni, na taulo lilikuwa karibu na uso, lingetosha kabisa kujifichia.

Alilishusha.

"Umefika, baba," alisema, na sauti ikasikika mpaka kwenye gari la wagonjwa. "Jifute, twende nyumbani."